Swali la Hamsini

Fomu ina maswali arobaini na tisa.
Thelathini niliyajibu nimekaa, ofisini Moshi mjini,
chai ikipoa, feni ikiguna.
Je, mmea umewahi kuhama kwao ukawa kero ugenini?
Ndiyo. Alama moja.
Je, hutambaa, hukwea, hufunika wengine? Ndiyo.
Je, hurutubisha udongo? Ndiyo,
na hapo, ajabu, wema unahesabiwa ubaya:
anayejipikia haogopi njaa popote aendako.

Yaliyobaki nilipanda nayo Uru,
siku ya tope, viatu mkononi.

Kule hawaujui kwa jina la vitabuni.
Wanauita Mradi, kwa heshima ya gari jeupe lililouleta.
"Mbuzi wamekula Mradi, wameshiba."
"Mradi umepanda juu ya bafu."
Majani matatu matatu, laini kama sikio la ndama,
na kikonyo chembamba kinachopapasa hewa
kama mtu atafutaye mlango gizani;
akiupata, hapigi hodi.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu hakungoja jembe. Siku ya tatu
alijichukulia mgomba.

Adhuhuri maganda yakaanza kupasuka juani:
ta! ta-ta!
Mbegu moja ikaruka ikatua kikombeni mwangu.
Nikapima kwa hatua: nane na nusu.
Nikaifuta, nikaitia mfuko wa shati, ushahidi.
Nyingine zilidondoka kwenye mfongo
zikateremka na maji, bila nauli, kuelekea Rau.

Bi Aikande akaleta kopo. Mbegu za miaka sita,
zinalia ndani kama kokoto.
"Hizi nazo zi hai. Zitie maji ya moto usiku mmoja,
asubuhi zimetoa ulimi."
Alama nyingine.
"Basi andika na hili," akasema.
"Mbuzi alikuwa ananipa kikombe, sasa ananipa sufuria.
Na kahawa nayo ilikuja mgeni hapa.
Mbona hamkuiletea fomu?"
Nikafunua kurasa, nikatafuta swali la maziwa.
Halimo.

Akanipeleka mpakani, penye masale
aliyoyapanda baba mkwe wake
siku aliyopatana na nduguye.
Sikuyaona masale.
Niliona ukuta wa kijani, unapumua.
Alichomoa panga, akakata, akavuta, akakata,
hata jani moja likachungulia, limepauka
kama kidole kilichotoka kwenye bendeji,
jani lile lile tuombealo msamaha.
"Kila Jumamosi nakata. Ukikatwa, ni chakula cha mbuzi.
Usipokatwa…"
Akafuta panga kwa pindo la kanga.

Watoto?
"Wanne. Dar, Dar, Mwanza, Dubai.
Wanakuja Desemba."

Nilihesabu njia nzima ya kushuka:
mwaka una Jumamosi hamsini na mbili.
Desemba ina nne, na ya Krismasi
hakuna anayeshika panga ila la kuchinjia.

Jumla: sita. Kwa fomu hii, sita hupita,
saba hukataliwa.
Nimeikalia wiki nzima, mkuu anaulizia.
Chini ya swali la mwisho nimechora mstari kwa mkono
nikaongeza la hamsini,
ambalo aliyetunga fomu hakulijua,
au alilijua akaogopa kuliandika:
Nani atakata, Jumamosi ya kwanza bila yeye?
Kisanduku kiko wazi.

Leo nilitaka kuambatisha ile mbegu.
Mfuko mtupu.
Shati nililifua juzi, nililiroweka kutwa
katika maji ya moto, kwa sababu ya tope la Uru,
na maji nikayamwaga nyuma ya nyumba,
hapa Pasua,
kwenye ua wa jirani ninayemjua kwa kikohozi tu.